Umechaguliwa kwenye kamati ya kituo cha afya? Mwongozo kamili wa kusimamia watumishi, dawa na hela

Nimekaa kwenye kamati ya usimamizi ya kituo cha afya cha serikali hapa Tanzania awamu mbili, na miezi ya kwanza sikufanya kazi yoyote ya maana. Nilikuwa nakuja kikaoni na malalamiko ya mtaani, mganga mfawidhi (mkuu wa kituo) anajibu changamoto tunazifahamu tunazifanyia kazi, tunakunywa soda tunasaini mahudhurio tunaondoka. Robo mwaka inapita, wamama bado wanaambiwa waje na gloves zao.

Kilichonibadilisha ni usiku mmoja. Nilimsindikiza binti wa jirani kujifungua, ilikuwa kama saa nane usiku. Leba ina nesi mmoja. Vitanda vitatu vyote vina watu, mmoja mtoto anakaribia kutoka, mwingine ameshajifungua na damu haijakata, na binti wetu analia. Nje ndugu wanagonga mlango wanamtukana yule nesi, wengine wanasema analala, kumbe hajakaa chini tangu saa 2 usiku alivyoingia. Na mimi nilikuwa na hasira nikataka kumwandikia barua. Asubuhi nikaangalia rosta iliyobandikwa mlangoni kwa plasta ya vidonda, inasema usiku ule walipangwa wawili. Yule wa pili yuko masomoni zaidi ya mwaka mzima! Jina lake lilikuwa linapangwa kila mwezi ili rosta ionekane imejaa.

Kwahiyo ninachowaambia wajumbe wapya ni kimoja, kabla hujamhukumu mtu hesabu kwanza, alafu omba daftari. Huu mwongozo nimeupanga kwa namna ambayo ningependa mtu anipangie mimi siku ile nachaguliwa.

Hatua ya 1: Jua mipaka yako na nani anamjibu nani

Zahanati, kituo cha afya na hospitali ya halmashauri viko chini ya halmashauri, yaani upande wa TAMISEMI. Mganga mfawidhi anaripoti kwa Mganga Mkuu wa halmashauri (wengi tunamwita DMO), na DMO anawajibika kwa Mkurugenzi. Hospitali ya rufaa ya mkoa ni habari nyingine, zile zilihamishiwa Wizara ya Afya mwishoni mwa 2017, kwahiyo ukimpelekea Mkurugenzi wa halmashauri lalamiko la hospitali ya mkoa unampa kazi isiyo yake, na barua yako itazunguka mpaka uchoke. Nimeona watu wamepoteza miezi hapo.

Kamati inapitia mpango na bajeti ya kituo, inaona mapato na matumizi, inashuhudia dawa zikipokelewa, inapokea malalamiko ya wananchi na kudai majibu. Kamati haimfukuzi mtu kazi, haimhamishi mtu, haimwelekezi dokta atibu vipi. Na hili nalisema kwa msisitizo, mjumbe hafungui faili la mgonjwa na haingii leba kukagua. Siri ya mgonjwa sio mali ya kamati. Mjumbe akishaanza kutangaza mtaani fulani amepimwa nini, hiyo kamati imekufa, watumishi hawatawaonyesha kitu tena na watakuwa na haki.

Hatua ya 2: Hesabu watu mara tatu

Kikao cha kwanza omba namba tatu, ziandikwe kwenye muhtasari: ikama inasema tuwe wangapi, kwenye orodha ya mishahara wapo wangapi, na leo asubuhi wako kazini wangapi. Hizi namba huwa hazifanani na tofauti yake ndo kazi yako.

Mwongozo wa ikama wa 2014 mpaka 2019 uliweka zahanati iwe na watumishi 15 hadi 20, kituo cha afya 39 hadi 52, hospitali ya wilaya 200 hadi 337. Ukienda kwenye zahanati nyingi za vijijini utakuta watatu au wanne, na mmoja wao ni mhudumu wa afya ambaye anafanya mpaka kazi ambazo hakusomea. Uliza mwongozo unaotumika sasa hivi kwenye halmashauri yako, waombe wakupe nakala, ila hata ukitumia ule wa zamani picha utaipata.

Sasa ile tofauti kati ya walioko kwenye mshahara na walioko kazini, usikurupuke kusema watumishi hewa. Ni kweli 2016 nchi nzima ilihakikiwa na watumishi hewa wakapatikana kwa maelfu, lakini kwenye kituo cha kawaida utakuta mmoja yuko masomoni, mmoja likizo ya uzazi (siku 84), mmoja ameazimwa ofisi ya DMO kuingiza data, mmoja anaumwa muda mrefu, mmoja amehama ila mshahara haujahama. Chora mistari kwenye daftari lako, jina la kada (aina ya kazi yake) sio la mtu, sababu, tangu lini, anarudi lini. Hiyo safu ya "anarudi lini" ndo inawasumbua wakubwa kuliko zote maana aliyeazimwa kwa wiki mbili unakuta ana mwaka wa tatu.

Alafu hesabu wa kujitolea na wa mkataba peke yao. Vijana wengi waliomaliza vyuo wanajitolea bila posho wakisubiri ajira zitangazwe, na kituo kikiwa na mapato ya ndani kinaweza kuomba kibali cha kuajiri wa mkataba. Hawa wanashika zamu kamili ila kwenye ripoti hawaonekani, kwahiyo kule juu wanadhani kituo kinajitosheleza.

Hatua ya 3: Fanya hesabu ya zamu

Hii ndo hatua ninayoipenda kuliko zote na haihitaji elimu kubwa. Wiki ina masaa 168. Mtumishi mmoja anafanya masaa 40 kwa wiki. Gawanya 168 kwa 40 unapata 4.2. Maana yake, ili mahali pamoja pawe na nesi mmoja muda wote, mchana usiku Jumapili na Idi, unahitaji manesi wanne na kidogo, na hapo hajaumwa mtu. Kila mmoja ana likizo siku 28, kuna sikukuu, kuna msiba, kuna semina, ukiweka hivyo vyote unafika watano.

Nesi mmoja muda wote ni watu watano. Leba inayotaka wawili muda wote ni watu kumi, leba peke yake! Bado wodi, bado kliniki ya mama na mtoto, bado chumba cha sindano, bado wagonjwa wa nje. Sasa kituo chenye manesi tisa kwa jumla kinafanya huduma masaa 24, niambie hapo nani analala wapi. Mtu anaingia usiku, asubuhi mwenzake hajaja anaunganisha, anarudi jioni, alafu saa kumi alfajiri akimjibu mama vibaya sisi tunasema hana utu. Lugha mbaya siitetei, inaumiza watu kwelikweli na wapo wamama wameamua kuzalia nyumbani kwa sababu ya hiyo. Ninachosema ni kwamba barua ya kudai manesi wawili itatibu kiburi cha leba kuliko barua ya karipio, kwa vituo vingi nilivyoviona.

Peleka hii hesabu kwa DMO ikiwa imeandikwa, pamoja na idadi ya wanaojifungua kwa mwezi kutoka kitabu cha MTUHA namba 12, kile cha leba kwenye vitabu vya takwimu za kituo. Tulipofanya hivyo sisi tuliletewa mmoja tu, sio tuliowataka wote, ila kabla ya hapo kwa malalamiko matupu hatukuwahi kuletewa hata mmoja.

Hatua ya 4: Soma rosta kama unavyosoma risiti

Omba rosta ya mwezi uliopita, sio ya mwezi huu. Ya mwezi huu ni mpango, ya uliopita ina historia. Weka pembeni daftari la mahudhurio na daftari la makabidhiano ya zamu, lile manesi wanaandikiana nani amelazwa na dawa gani amepewa. Chagua siku tatu tu bila kuwaambia mapema, mojawapo iwe usiku wa Jumamosi. Angalia aliyepangwa, aliyesaini, na aliyeandika makabidhiano. Kama ni mtu yuleyule hakuna neno. Kama aliyepangwa ni A na mwandiko ni wa B, uliza kwa upole, mara nyingi wamebadilishana zamu kwa makubaliano na hapo dawa ni kuandika tu. Ila kama B anaonekana kila usiku wa wikiendi na A haonekani kabisa, hapo kuna mtu anaenda kushika zamu hospitali binafsi kwa muda wa serikali, na hilo analijua kila mtu isipokuwa karatasi.

Dai rosta ibandikwe mahali wagonjwa wanaiona, pamoja na namba ya simu ya kiongozi wa zamu. Watakwambia ni siri ya ofisi, sio siri.

Hatua ya 5: Dawa, kuanzia gari la MSD mpaka dirishani

Gari la Bohari ya Dawa likifika, wajumbe angalau wawili wawepo. Msisaini karatasi kwanza alafu mhesabu baadaye, watu wa gari huwa na haraka, waambie wasubiri. Fungua maboksi, linganisha na hati ya kupelekea, angalia tarehe ya kuisha muda. Dawa inayoisha muda baada ya miezi miwili kwenye kituo kinachotumia boksi moja kwa mwezi, alafu mmeletewa nane, hiyo ni hasara mnaisaini wenyewe. Andikeni pale pale.

Kituo kikiagiza dawa MSD wakawa hawana, wanatoa uthibitisho kwamba haipo, na hapo kituo kinaruhusiwa kununua kwa mshitiri, yaani muuzaji wa nje ya MSD aliyeidhinishwa. Kwahiyo ukiambiwa dawa hakuna, swali sio "kwanini hakuna", swali ni "mliagiza lini, mlipata lini jibu la MSD, na mshitiri mlimuandikia lini". Tarehe tatu. Ukizipata utajua kama tatizo liko bohari, liko kwenye hela, au kuna mtu amekaa na fomu mezani wiki tatu.

Sasa bin kadi, ile kadi inayokaa shelfu pamoja na dawa. Nakupa mfano wa siku niliyoielewa. Dawa mseto ya malaria, kadi inasema boksi 30 zimeingia, 12 zimetoka kwenda chumba cha kugawia dawa, kwahiyo shelfu iwe na 18. Tunahesabu, 15. Mjumbe mmoja akaanza kusema wizi. Mfamasia alikaa kimya akaleta kitabu cha kutolea dawa, kumbe boksi 3 zilienda wodini usiku wa dharura, zimesainiwa kwenye kitabu ila kwenye kadi hakuna aliyeandika. Hakukuwa na wizi, kulikuwa na uandishi wa hovyo, na tungemchafua mtu wa watu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi naongezea kwamba hata isipopotea, asiye na daftari hawezi kujitetea.

Kinachotakiwa kukutia wasiwasi ni kadi iliyo safi kupita kiasi. Miezi mitatu yote imeandikwa kwa kalamu moja, wino mmoja, mwandiko haujapinda hata siku moja. Kazi ya kweli ya stoo ina wino wa bluu, mweusi, kuna mahali pamefutwa na kusainiwa. Kadi ya namna ile imejazwa jana usiku kwa ajili yako, hapo chukua dawa tano zinazotoka sana uhesabu moja moja.

Hatua ya 6: Hela

Vyanzo vya kituo kwa kawaida ni papo kwa papo (anacholipa mgonjwa mwenyewe anapotibiwa), bima za afya, na ruzuku ya serikali na mfuko wa pamoja wa wafadhili, basket fund, ambayo tangu mwaka wa fedha 2017/18 inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo badala ya kupitia halmashauri. Hii ilikuwa hatua kubwa sana na watu wengi hawajaielewa mpaka leo. Maana yake hela iko hapo hapo kituoni, na kisingizio cha "halmashauri haijatuletea" kimepungua nguvu. Kila robo omba taarifa ya benki na ripoti ya mfumo wa hesabu za vituo, uziweke pamoja, salio lifanane.

Papo kwa papo ndo inavuja zaidi. Mgonjwa anatakiwa alipe kwa control number na apewe risiti, anayepokea noti mkononi anakosea hata kama ana nia njema. Kujipima chukua siku moja kwenye MTUHA namba 5, ya wagonjwa wa nje. Tuseme wamehudhuria 84. Toa watoto chini ya miaka 5, tuseme 31. Toa wajawazito 12. Toa wazee wa miaka 60 na zaidi wenye msamaha 9. Toa wenye bima 14. Wanabaki 18 ambao walitakiwa kulipa. Kwenye mfumo risiti ni 11. Hao 7 wengine wako wapi? Inawezekana umeme ulikatika wakaandikwa kwenye karatasi, basi karatasi ziletwe. Inawezekana ustawi wa jamii aliwasamehe, basi fomu ziwepo. Fanya na maabara hivyo hivyo, daftari la vipimo kwa risiti, huko ndo nimekuta tofauti kubwa.

Na upande wa pili usiusahau, huduma za wajawazito na watoto chini ya miaka 5 ni bure kwa sera ya afya ya 2007. Mama akiambiwa anunue gloves, sindano, pamba, nenda kwenye bajeti uone kama vilitengewa hela. Kama vilitengewa na hela ilienda kwenye posho za vikao, pamoja na kikao chenu nyie kamati, sema hivyo hivyo kikaoni hata kama unaumia.

Hatua ya 7: Malalamiko

Sanduku la maoni lenye kufuli ambalo funguo anayo mganga mfawidhi ni pambo. Funguo moja ibaki kwa kamati, nyingine kituoni, lifunguliwe tarehe inayojulikana mbele ya watu watatu, kila karatasi ipewe namba, na majibu yabandikwe ubaoni bila majina. Wazee wetu wengi hawaandiki, kwahiyo mjumbe mmoja akae kwenye benchi la wagonjwa asubuhi moja kwa mwezi asikilize. Kaa tu, usijitambulishe kwa kelele. Utasikia bei za "chai" zinazotajwa, nani anaitwa kwanza, na utasikia pia sifa za nesi ambaye hujawahi kumtaja kikaoni. Mtaje, tena kwa jina, aandikiwe barua ya pongezi iingie kwenye faili lake.

Kesi zigawe hivi. Rushwa inaenda TAKUKURU, namba 113, ni bure, usiipeleke kikaoni kwanza maana mtego utaharibika. Kosa la kitaaluma, dokta au nesi amefanya jambo ambalo sio la taaluma, linaenda kwa DMO na likibidi kwenye baraza lake, madaktari wana Baraza la Madaktari Tanganyika, manesi na wakunga wana baraza lao. Swali la huduma kwa jumla mwananchi anaweza kupiga 199 ya Wizara ya Afya. Kifo cha mama mjamzito kina utaratibu wake wa kujadiliwa na wataalam ndani ya kituo na wilaya, nyie hamkai kwenye kile kikao, ila mna haki ya kuuliza baada ya hapo: mapendekezo yalikuwa mangapi, mangapi yametekelezwa, nani ana jukumu. Kama pendekezo lilikuwa chupa mbili za damu ziwepo muda wote na miezi mitatu baadaye friji halifanyi kazi, hilo ni lenu kulifuatilia.

Hatua ya 8: Barua inayojibiwa

Barua nyingi za kamati hazijibiwi kwa sababu hazina swali. Andika ukurasa mmoja. Mstari wa kwanza mlichokiona na tarehe: "Tarehe fulani kamati ilihesabu manesi 9 waliopo kazini, leba ilihudumia wanaojifungua kadhaa mwezi huo." Wa pili, kinachotakiwa kwa mujibu wa mwongozo gani. Wa tatu, mnaomba nini hasa, na kifanyike kabla ya tarehe ipi. Nakala kwa Mkurugenzi na kwa diwani ambaye yuko kamati ya huduma za jamii. Muhuri wa kupokelewa ugongwe kwenye nakala yenu, usiondoke masijala bila muhuri, hata ukiambiwa mwenye muhuri ametoka kidogo. Msubiri.

Watu wanapenda ziara za kushtukiza. Novemba 2015 Rais Magufuli alifika Muhimbili bila taarifa akakuta wagonjwa wamelala chini na mashine za MRI na CT scan hazifanyi kazi, bodi ikavunjwa, mkurugenzi akabadilishwa, na mashine zikarudi kazini ndani ya siku chache. Ilisaidia wagonjwa wa wakati ule na naiheshimu. Lakini kituo chenu cha kata Rais hatakifikia, na hata mkuu wa wilaya akija anakuja mara moja. Nyie mko pale kila mwezi, kwahiyo ratiba yenu iwe ndogo na isiyokatika: mwezi wa kwanza wa robo watu na rosta, wa pili dawa, wa tatu hela na malalamiko.

Hatua ya 9: Mtunze mtumishi mwaminifu

Uliza nyumba za watumishi zina maji. Uliza nesi wa usiku anarudi nyumbani na nani. Uliza malimbikizo ya madai yao, posho ya kuitwa kazini, hela za likizo, kupandishwa madaraja, na uyaandike kwenye muhtasari kama unavyoandika makosa yao. Yule nesi wa usiku ule, nilikuja kumuuliza baadaye anataka kamati imsaidie nini, akasema "Baba, niwekeeni taa pale njiani kwenye mwembe." Taa ile iligharimu hela ndogo kuliko chai ya vikao vyetu viwili. Tuliiweka.

Na daftari lako la kamati usiliache nyumbani muda wako ukiisha. Mkabidhi mjumbe mpya mbele ya mganga mfawidhi, mkiwa mmesaini wote watatu, ukurasa wa mwisho ukiwa na orodha ya maswali ambayo bado hayajajibiwa na tarehe yaliyoulizwa. Langu nililikabidhi likiwa na maswali kumi na moja, la kwanza likiwa la yule aliyeko masomoni.